Sekta ya Mwisho

Kompyuta ni ya chama cha msingi, Uru,
si yangu. Ndani yake kilo za kahawa
za wakulima mia sita na kumi na wawili,
msimu mzima, na malipo ya pili bado.
Mama Ndeanasia, karani, aliniambia neno moja:
"C imejaa, D ina nafasi. Sogeza."

Nikasogeza.
Usiku, hapa Kiborloni, mlango wa duka nusu,
nikakivuta kizigeu kama mtu avutavyo shuka
mwenzake amelala.
Asilimia kumi na moja, umeme ukakatika.
Betri ya akiba nilikuwa nimemwazima kinyozi.

Uliporudi, skrini ikanijibu kwa adabu zote:
Nafasi isiyogawiwa.
Pale walipokuwa watu mia sita na kumi na wawili,
nafasi isiyogawiwa.
Kama pori. Kana kwamba hapajawahi kulimwa.

Sikugusa kitu. Hilo angalau nalijua.
Saa saba usiku nikamgongea Kanankira,
akanipa diski yake tupu na matusi mawili.
Nikanakili sekta kwa sekta hadi kulipopambazuka,
nzima kwa mbovu, bila kuchagua,
kisha nikahangaika na nakala,
kama fundi cherehani akatavyo gazeti kwanza
kitambaa cha watu kikiwa kimekunjwa.

Programu ya kutafutia ikaniletea mipaka miwili:
wa zamani, na wa usiku ule.
Kila mmoja unadai ndio wa kweli.

Nikacheka, kicheko kibaya.

Nilikuwa na miaka tisa niliposhika tochi,
baba aking'oa isale la mpaka wa kihamba
na kulipanda hatua mbili ndani
ya migomba ya baba mdogo Ndelilio.
"Usinimulike usoni," alisema.
Asubuhi walisimama pale wote wawili, wakiapa.
Masika yaliposhuka, kisiki kilichosahauliwa ardhini,
mahali pale pa kwanza,
kikatoa majani matatu.
Hakuna aliyesema kitu. Hata mimi.

Sasa, kizigeu cha aina hii
huandika maelezo yake mlangoni,
halafu huficha nakala moja kwenye sekta ya mwisho,
kule nyuma kabisa ambako hakuna apitaye.
Mlangoni nilikuwa nimeshafuta.
Nyuma sikufika; giza lilinishika mkono.
Nikaisoma: urefu wako huu.
Nikahesabu kurudi nyuma, kwa kalamu,
mgongoni mwa risiti ya vocha,
nikakosea, nikahesabu tena,
nikafika pale palipokuwa na shina.

Niliandika mpaka. Nikabonyeza.
Nikaenda nje kunawa uso.

Niliporudi majina yalikuwa yamekaa,
Aikande, Elifuraha, Ndesamburo wa bondeni,
kila mtu na kilo zake, na nusu kilo zake.
Isipokuwa Kyaseni, mwezi wa Mei.
Faili linafunguka, lakini ndani ni vibanzi,
alama na miraba, mfano wa mtu anayesema
na mdomo umejaa.
Ile asilimia kumi na moja. Ilishahama.
Nimeitafuta siku mbili.

Nyuma ya duka kuna isale, la mwenye nyumba.
Nilikata jani, nikalipiga fundo
kama waombao radhi kwetu,
nikaona haya, nikalitia mfukoni.
Kisha nikapiga simu.
"Mama, ni mimi niliyeharibu. Si umeme."

Akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha.
"Risiti za Kyaseni zimo kwenye gunia," akasema,
"chini ya mizani. Panya wamezionja.
Njoo kesho, na kalamu.
Na hiyo tarakilishi usiilete kabla sijakaa."